Samaki wa Asubuhi ya Safari

Jirani yangu hapa Bwaise, Kampala, hukaanga samaki aina ya ngege alfajiri ili awahi kuwauza kando ya barabara. Harufu ikipenya dirishani, miguu yangu huanza kutafuta ndala kabla mimi mwenyewe sijaamka vizuri. Naenda mlangoni kutazama nani anaondoka. Hakuna anayeondoka, wanangu wamelala. Narudi kitandani, nainuka tena. Nimepita miaka arobaini na bado siwezi kutulia panaponukia samaki asubuhi.

Nilikulia katika kambi ya polisi upande wa Luzira, kwenye vyumba vilivyobanana kama maboksi ya viberiti. Baba alikuwa askari, Mwislamu kutoka kule Arua. Mama alikuwa Mkristo wa Kenya, mtoto wa watu wa ziwani, aliyekuja Kampala kuuza vitenge sokoni Kikuubo. Mama hakujua Kilugbara, Baba hakujua Kijaluo. Walichumbiana kwa Kiswahili, wakagombana kwa Kiswahili, nami nikanyonya hichohicho.

Asubuhi katika kambi ile, ungeweza kufumba macho ukajua umesimama mlango wa nani. Kwa Nalongo, mama wa mapacha tuliyepakana naye ukuta, kulinukia katogo, ndizi zilizochemshwa pamoja na matumbo. Wengine walipasha kiporo cha mihogo. Sisi tulikunywa chai kwa mkate, isipokuwa siku chache ambazo Mama alipika samaki: ngege mzima, kichwa hadi mkia, kwenye mchuzi wa nyanya, na ugali wa moto pembeni.

"Banange! Samaki asubuhi hii?" Nalongo aliuliza kupitia dirishani. "Nyinyi munaamka munakula chakula ya jioni?"

"Kwetu msafiri haagwi kwa chai," Mama akamjibu. "Chai ni maji yaliyotiwa rangi."

Mimi, mwenye miaka minane, nilikuwa na hesabu yangu. Mara ya kwanza tulipokula samaki asubuhi, Baba alipelekwa kaskazini, hakurudi mpaka mahindi yalipokomaa. Mara ya pili ilikuwa mpakani. Mara ya tatu nilikuwa na surua, nikaamka na kukuta viatu vyake havipo. Basi nikakata shauri: haikuwa kwamba Baba akisafiri ndipo tunapikiwa samaki. Samaki akipikwa, ndipo Baba anachukuliwa.

Mara ya nne harufu ile iliniamsha. Baba alikuwa bafuni kule nyuma. Mama alikuwa nje, anapuliza pasi ya makaa ili anyooshe sare. Nikafunua sufuria, nikamwopoa ngege kwa mikono miwili huku vidole vikiungua, nikamtia kwenye bakuli na kukimbilia kwa Nalongo.

"Mama amesema mle."

"Leo kuna nini?" Nalongo aliuliza, lakini mapacha walikuwa wameshatia mikono.

Baba aliketi mkekani, amevaa sare, amenawa mikono. Mama akafunua sufuria. Ndani kulikuwa na mchuzi na jicho moja la samaki.

"Paka!" Mama alipiga ukelele, akatoka mbio na mwiko kumsaka kiumbe asiye na hatia. Nje, lori likapiga honi. Baba akanitazama, mimi nikautazama ukuta. Honi ya pili. Akasimama, akapiga mafunda mawili ya chai iliyomuunguza ulimi, akaniwekea kiganja kichwani, akaondoka. Mama aliporudi ameshika mwiko wake, lori lilikuwa limeshapita geti. Hawakuagana.

Haukupita muda Nalongo akaingia na bakuli letu limejaa katogo, kwa maana chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. "Webale, Mama Zubeda. Watoto wamekula mpaka wamelamba mikono."

Mama alilitazama bakuli, kisha akanitazama mimi. Nalongo alipotoka, akauliza, "Zubeda, kwa nini?"

"Samaki ndiye anamchukua Baba."

Nilisubiri kofi. Mama akaketi kizingitini na lile bakuli mapajani. "Hata hakukaa," alisema polepole. "Hata kidogo hakukaa."

Mimi nilielewa tu kwamba Baba ameondoka na njaa, na kwamba akifa huko nimemuua mimi. Miezi iliyofuata sikuweza kukaa popote. Nilikula nimesimama. Kila lori lililonguruma lilinitoa darasani, mwalimu akadhani nina minyoo, nikanyweshwa dawa mara mbili. Jioni nilienda getini, nikarudi, nikaenda tena.

Alirudi baada ya misimu miwili ya mvua, amekonda, sauti inakwaruza. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Yule paka yuko wapi?" Kisha akacheka, nami nikalia mpaka nikatapika.

Nilikuwa mtu mzima, mwenye watoto wangu, nilipomuuliza Mama kwa nini hasa samaki.

"Chai mtu hunywa amesimama," akasema. "Mkate atafunga akale njiani. Lakini ngege mzima ana miiba, lazima mtu aketi. Na baba yako, mtu wa bara, miiba ilimshinda. Alikuwa anachambua mmoja mmoja, lori linapiga honi mpaka mara tatu. Mimi nimeketi mbele yake, namtazama."

Nilidhani hapo ndipo nimeelewa yote.

Kisha Baba alistaafu, nikamsindikiza kwao. Sikuwa nimewahi kufika huko. Kumbe kijiji chenyewe kiko kando ya Nile, na nyavu zinaanikwa mpaka mlangoni. Dada yake alituwekea samaki wa kukaanga. Sijamaliza kunawa, Baba ameshamwingiza mmoja upande huu wa mdomo na kuutoa uti wa mgongo upande ule, mweupe, hauna hata unyuzi wa nyama.

"Huyu ni hivyo tangu mtoto," shangazi alicheka. "Samaki hapoi mbele yake."

Baba aliona ninavyomtazama. "Nini?"

"Hakuna, Baba."

Simu ilikuwa mkononi, na nilitamani sana kumpigia Mama. Sikupiga. Miaka yote ile, kila mmoja wao alidhani ni yeye peke yake aliyekuwa akiziiba zile dakika.