Karatasi ya Ngoma Kutoka Korea

Kaka yangu aliomba kusomea udaktari wa mifugo. Serikali, kwa huruma yake, ikampa nafasi iliyobaki: chuo kikuu huko Korea, muziki wa jadi wa Wakorea. Sisi wakati huo jeshi lilikuwa limetufungia ndani ya ua wa miiba, nje kidogo ya Garissa, na ngamia wetu walikuwa wanapigwa risasi wasije wakawalisha mashifta, waasi wa porini. Kwa hiyo ngoma za Korea tulikuwa tunazihitaji sana.

Barua yake ya kwanza ilikuja na karatasi yenye safu za visanduku, kila kimoja na alama yake. Alieleza: kisanduku kimoja ni pigo moja, unasoma kutoka juu kwenda chini. Chifu aliifungua kabla yetu. Alikuwa binamu ya baba, na nasema wazi bila haya: ni yeye aliyepeleka ile karatasi kambini akasema ni ramani. Visanduku ni vibanda, alama ni mahali askari wanapolala.

Baba akakamatwa. Waliokamatwa wiki iliyotangulia hawakuwa wamerudi.

Mimi na mama tukakimbia mpaka langoni mwa kambi. Ofisa alikuwa ameishika karatasi, baba na chifu wamesimama mbele yake.

"Mzee, hii nini?"

"Ngoma," baba akasema.

"Wallahi muongo!" chifu akaruka. "Nani anapanda ndege kwenda kusomea ngoma? Wake zetu wanapiga bure!"

"Adeer," nikamwambia chifu, kama tunavyomwita ami, "barua si umeisoma mwenyewe?"

"Nyamaza, msichana."

Ofisa akamsukumia baba debe tupu. "Kama ni ngoma, piga."

Baba alikuwa mwalimu wa Kurani. Kwenye harusi, ngoma ikianza, yeye anaondoka. Akaitazama karatasi, akaigeuza juu chini, kisha akapiga wimbo wa kunywesha ngamia, maana wa Korea hakuujua. Akapiga kwa moyo wote, kama mtu aliyeelekezewa bunduki. Ofisa akafuata visanduku kwa kidole, kimoja kimoja, mpaka cha mwisho.

"Sawasawa kabisa," akasema. "Chifu, unanipotezea wakati. Mzee, nenda nyumbani."

Chifu akacheka kuliko wote. "Binamu, kumbe una kipaji!" Alibaki chifu mpaka akastaafu, na medali wakampa.

Nyumbani baba akatawadha, akaniambia niandike, maana mimi nilifika darasa la tatu: "Mwambie asome kwa bidii. Ila asituandikie tena."

Kaka alikuwa mtiifu. Baba alikufa akiuliza kama kuna barua.