Kiti cha Mbele ya Kioo

Mjukuu wangu ni msusi. Naanza na hilo kwa sababu watu wakimwona huanza na uso.

Uso wenyewe ni huu: alizaliwa mifupa ya mashavu haikujengeka, taya dogo, macho yameinamia pembeni, na masikio ni vinyama viwili visivyo na tundu. Daktari alilitaja jina la hali hiyo, refu kweli. Mimi shule niliisalimia mlangoni tu, likanipita. Nilichoshika ni kwamba ni nadra, hakuna aliyemloga, na akili yake ni nzima. Majirani wakasema kiziwi. Kiziwi wapi! Nikimwimbia kidevu changu kimegusa utosi wake, alikuwa anaacha kulia. Sauti inapita kwenye mfupa. Siku hizi anavaa utepe kichwani wenye kidude kinachobana mfupa nyuma ya sikio, na umbea wote anausikia.

Kusuka alijifunzia kichwani kwangu. Nywele zangu chache, lakini alizinyoosha mistari mpaka nikaonekana mtu.

Saluni walimwajiri, wakamweka nyuma kuosha vichwa na kuchambua rasta. Kiti cha mbele, hapana.

"Mteja akikaa anatazama kioo," mwenye saluni alimwambia, "na kwenye kioo anakuona wewe. Ni biashara, dada, usikasirike."

Alirudi nyumbani akasema mwezi ukiisha hajapewa kiti, anaacha kusuka kabisa. Na mtoto huyu akisema, kasema. Sijui kaurithi wapi ukaidi huo.

Jumamosi, saluni imejaa, nikaingia nikakaa kiti cha mbele.

"Bibi, kuna foleni," mwenye saluni akasema.

"Foleni naiona. Namtaka yule wa nyuma."

"Nitakusuka mwenyewe, Bibi."

"Mkono wako mzito, nami nina kichwa kimoja tu."

Watu wakacheka. Mjukuu wangu akatoka, taulo begani, amenuna.

"Bibi, unaniaibisha. Inuka."

"Siinuki."

"Basi kaa. Ukisema neno moja, nakunyoa."

Nikafunga mdomo. Si kazi ndogo.

Kwenye kiti cha pili palikuwa na kitoto cha kike kinalia, hakitaki kuguswa kichwa, mama yake kakishika mabega. Kikamwona mjukuu wangu kwenye kioo, kikanyamaza.

"Dada, mashavu yako yako wapi?"

Mama akamfinya.

"Mifupa ya hapa nilizaliwa sina," mjukuu wangu akajibu, vidole vinaendelea kusuka. "Na wewe, meno ya mbele yako wapi?"

"Yameng'oka."

"Basi kila mtu na pengo lake. Tulia, nikimaliza kwa Bibi nakuja kwako."

Kikatulia. Msusi mwingine aliponyoosha mkono, kikaupiga: "Namsubiri dada!"

Mwenye saluni akakuna kichwa kwa chanuo. "Haya, kuanzia leo kaa mbele. Utasuka watoto."

Nilifungua mdomo, nywele zikavutwa, nikaufunga.

"Watoto na mama zao," mjukuu wangu akasema. "La sivyo narudi nyuma kuosha vichwa, na huyu mmbembeleze wenyewe."

Mwenye saluni akamtazama mtoto, akaitazama foleni.

"Na mama zao," akasema. "Nani anafuata?"