Mumbua, punda bado wanaongea kwa sauti yako

Mimi akili bado haijakubali, jamani. Mumbua tumemzika kwao Kalama Ijumaa, udongo nimetupa kwa mkono wangu huu, na Jumamosi asubuhi nimeingia kazini akaniambia nimpishe.

Msiomjua ngoja niwaeleze. Tulifanya kazi pamoja kwenye stoo moja kubwa ya vigae huku Athi River. Yeye alikuwa dereva wa forklift, ile gari ya kuinua mizigo, mwanamke wa kwanza kukalia kile kiti pale kwetu. Mimi napanga mizigo kwenye rafu. Presha ilimwangusha nyumbani kwake, hata hospitali hakufika.

Forklift zenyewe ziliondolewa kabla hajafariki. Zikaletwa zile mashine zinazojiendesha. Hazina kiti wala usukani, zinafuata mstari uliobandikwa sakafuni na kupeleka mzigo mahali zilipotumwa. Sisi tunaziita punda. Mumbua ndiye alianza, eti nyanya yake alikuwa na punda aliyeijua njia ya kisimani bila kuongozwa.

Akapewa kizibao kipya cha reflector na kazi ya kuwaangalia wasikwame. "Nimekuwa mchungaji, Ndunge, na hata Biblia sijamaliza," akaniambia. Alicheka, lakini wiki ile yote nilimwona akipita pale forklift yake ilikuwa inaegeshwa, anaangalia tu.

Punda walikuja wakiongea Kizungu, sauti ya mwanamke fulani mpole wa mbali. Hakuna aliyewajali. Watu wanaendelea na stori zao, punda anasimama, na punda akisimama kazi yote imesimama. Ndipo supervisor akasema itafutwe sauti ya mtu wa hapa.

Mumbua alirekodiwa kwenye kastoo ka mafagio, maana ndiko kulikuwa kimya. Mimi nilishika mlango mtu asiingie. Fundi wa kurekodi alitaka aseme, "Tahadhari, ondoka njiani." Akakataa katakata. "Hiyo ni kufukuza watu. Mtu huombwa njia." Kisha akasema kwa ile lafudhi yetu ya Kikamba isiyofichika: "Nipishe kidogo, tafadhali. Niko na mzigo."

Siku ya kwanza tulicheka mpaka tukakaa chini. Lakini tulipisha. Hata mzee wa geti, yule anayegombana na kila mtu, alisogea kando akasema, "Haya, pita mama."

Jumamosi sikucheka.

Nilikuwa mwisho wa korido ya ndani, ile isiyo na pa kutokea. Rafu kushoto, rafu kulia, ukuta nyuma yangu. Punda akaingia na vigae vyake, akanisimamia mbele. "Nipishe kidogo, tafadhali. Niko na mzigo." Kuna kanafasi pembeni ka mtu kusimama. Sikusogea.

Na punda hachoki. Usipoondoka anarudia. Nyuma yake akafika mwingine, akasimama, naye akaanza. Halafu mwingine. Korido nzima ikawa Mumbua, kila mmoja ananiomba njia kwa adabu, na mimi nimebanwa pale, mbele siendi, nyuma sirudi. Nilitaka kuziba masikio na bado nilitaka asinyamaze.

Supervisor alikuja akanitoa kwa mkono. Hakunigombeza, nisimsingizie. Alinikalisha ofisini akasema, "Ndunge, hii sauti tunaitoa. Watu wanalia kazini. Wewe unaongea kama yeye, mmetoka kijiji kimoja. Si turekodi wewe?"

Nikamuuliza, na nikikataa?

"Basi tunarudisha ile ya Kizungu."

Sasa hapo mtu anafanya nini? Nikikubali, ni mimi ninamfuta rafiki yangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikikataa, atafutwa tu, tena na mtu ambaye hakuwahi kumwona. Niache kazi niende wapi, na watoto wako shule? Jumapili nilikaa kanisani ibada ikaisha sijasikia hata neno moja.

Kutoka pale nikaenda Kalama kwa mama yake. Nilimkuta uani anachambua mbaazi. Nikamchezea clip ya punda iliyo kwenye simu yangu, maana sauti hiyo ya kazini hakuwa ameisikia. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Aliinamisha kichwa akasikiliza mpaka mwisho.

"Mwaitu," nikamwambia, maana yeye ni mama yangu pia, "wanataka kuitoa. Mimi nitafanya nini?"

"Huyu ni yeye kabisa," akasema. Akachambua mbaazi chache. "Lakini Ndunge, si tulimfikisha Ijumaa? Mbona mnamweka huko anaomba njia kila siku, na yeye alishafika?"

Nilivuta kigoda nikamsaidia mbaazi zake, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kupumua vizuri tangu nipigiwe simu ya msiba.

Leo asubuhi nimeingia kwenye kastoo ka mafagio. Safari hii mlango nimeufunga mwenyewe. Nimesema maneno yako yale yale, Mumbua, sikuongeza wala kupunguza. Mara ya kwanza sauti ilinitetemeka, fundi akafuta, tukaanza upya.

Kabla hajabadilisha sauti kwenye punda, nilimwomba aniache niende ile korido ya ndani. Nikasimama katikati. Punda akaja, ukaniomba njia kama ulivyozoea. Nikakuacha uombe tena, na tena. Unisamehe kwa hilo, nilitaka tu kukusikia.

Halafu nikasogea pembeni.

Nimekupisha, Mumbua wangu. Pita. Lala salama huko Kalama, huna tena mtu wa kumwomba njia.