Vidole Chini ya Leso

Dada yangu hushona sare za shule katika soko la Jericho. Aliteleza bafuni, akaangukia kiganja, mfupa ukavunjika karibu na kifundo cha mkono.

Hospitalini daktari alisema hakuna haja ya upasuaji. Alimdunga dawa ya ganzi, akavuta mkono taratibu huku msaidizi wake ameshikilia kiwiko, hadi mfupa ukarudi mahali pake. Kisha akamfunga plasta. Mfupa usisogee, alisema, mkono uinuliwe juu ya moyo, vidole vichezeshwe.

"Vikivimba ama visiposikia, rudini hapo hapo. Msingoje asubuhi."

Kesho yake alasiri wamama wa kanisa walikuja kumwona. Kwetu, kulala ukiwa na wageni ni kuwadharau. Dada akaketi nao kitini, mkono mapajani, ameufunika kwa leso. Wakaimba, wakaomba, wakanywa chai.

"Mama, umepigwa plasta safi kuliko nyumba yangu!" mmoja akasema, wakacheka.

Dada hakucheka. Chai yake ilikuwa imepoa bila kuguswa.

"Kunauma?" nikamuuliza.

"Sana."

"Ni mfupa unashikana," akasema mama mkubwa wao, kiongozi wa kundi. "Vumilia, mwanangu."

"Nionyeshe vidole," nikamwambia dada.

"Wageni waende kwanza. Wewe na maswali yako ya polisi!"

Nikaifunua leso. Vidole vilikuwa vimevimba, ngozi inang'aa, kucha zimeanza kuwa samawati. Nikabana kidole cha shahada.

"Unasikia?"

"Kwani unagusa?"

Nikasimama. "Turudi hospitali sasa hivi."

"Plasta ikikatwa, mfupa utaachana tena," yule mama mkubwa akaonya.

Dada akanitazama. "Ukiachana nitashona na nini?"

"Na vidole vikifa?"

Ndipo mama mkubwa akaweka kikombe chini. Akaushika mkono ule, akauinua, na ndani ya teksi hakuushusha hadi tukafika.

Daktari aliipasua plasta kwa urefu, akakata na bandeji ya ndani, akaipanua bila kuitoa. Picha ilionyesha mfupa haujasogea. Rangi ikarudi polepole kwenye kucha.

"Funga macho," akamwambia dada. "Nikikugusa, sema."

Kidole cha mwisho, akasema ndiyo. Kinachofuata, ndiyo. Cha kati, ndiyo, lakini kwa kusitasita. Cha shahada, kile kinachoongoza kitambaa chini ya sindano ya cherehani, dada alinyamaza. Daktari akagusa tena.

"Hapo," dada akasema hatimaye, "ni kama unamgusa mtu mwingine."