Nenda na Mbao Yako Mwenyewe

Ile siku wazee wa kwetu walipotema chakula changu naikumbuka vizuri, Candiru mjukuu wangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Nakusimulia leo kwa sababu Jumamosi unapanda gari kwenda Arua kuchagua mashine, na wiki nzima sijakusikia ukisema kitu kingine. Ukila, mashine. Ukifua, mashine. Hata kanisani ulikuwa unamwonyesha mwenzako picha kwenye simu wakati wa mahubiri. Nilikuona.

Sikukatazi. Tuelewane hapo kwanza. Baba yako alipofariki aliacha karakana hapa Koboko, na wewe ndiye uliyeshika patasi zake wakati kaka zako walipokimbilia bodaboda. Milango unayochonga ni mizuri. Lakini mlango mmoja unakuchukua wiki tatu, watu wanachoka kungoja, wanakwenda kununua ya chuma. Na baba yako mdogo amekwisha sema mbele ya watu kwamba mavuno yakiisha na chumba kile cha karakana bado hakitoi kazi, ataweka wapangaji. Kwa hiyo unataka hiyo CNC, inayochonga yenyewe kwa kufuata mchoro wa kompyuta. Vizuri. Lakini mashine utanunua moja, mara moja. Ukikosea, chumba kimekwenda na patasi za baba yako zimekwenda nacho. Ndiyo maana nataka usikie habari ya jiwe.

Nilikuwa nimeolewa Ajia, kwa Walugbara, msichana wa Kikakwa kutoka hapa Koboko. Kilugbara nilikuwa nakisikia nusu nusu, lakini kiburi nilikuwa nacho cha kutosha makabila mawili. Wakati ule kinu cha kusaga kilikuwa mjini tu, mbali. Nyumbani tulisaga juu ya jiwe. Mke mpya alipika kwanza jikoni kwa mama mkwe wake, na siku akipewa jiko lake mwenyewe alichagua pia jiwe lake la kusagia. Hakuna aliyemchagulia, kwa sababu ni yeye atakayelipigia magoti asubuhi zote za maisha yake.

Mama mkwe wangu alinipeleka kwenye mwamba nyuma ya shamba la muhogo. Mimi na yeye tulisema Kiswahili, ambacho alikipata kambini alipokaa na mumewe askari. Mawe mawili yalifaa. Moja lilikuwa jeusi, dogo, zito kama dhambi, na sura yake haikupendeza. La pili lilikuwa pana, jekundu kidogo, laini juu kama limekwisha kutumika. Nililipenda hapo hapo.

"Hii nyeusi iko nzuri," mama mkwe alisema.

"Hii kidogo, mama."

"Saga kwanza ulezi, kiganja moja tu, juu ya kila jiwe. Tia unga ndani ya maji, koroga, ngoja, angalia chini. Halafu chagua."

"Jiwe ni jiwe, mama. Mimi nataka kubwa. Wageni wakikuja nasaga ya wote mara moja."

Aliniangalia kidogo. "Haya. Jiko ni yako."

Hakusema tena. Wanawake wawili walinisaidia kulibeba, na jirani mmoja akalisifu, nami nikatembea kichwa juu mpaka nyumbani.

Sasa sikiliza sehemu hii, maana hapa ndipo kosa lenyewe lilipo, si pale kwenye mwamba. Siku ya kwanza niliposaga na kupika, kitu kililia kati ya meno yangu. Kre! Nilijua ni nini. Nikajiambia, jiwe bado jipya, litazoea. Siku ya pili, kre. Nikasema labda ni ulezi, haukupepetwa vizuri. Mume wangu alikula bila kusema, alikuwa ananipenda bado. Na kila nilivyosikia ule mlio, ndivyo nilivyozidi kulisifu lile jiwe mbele ya watu. Mtu akichagua kwa kiburi, anageuka kuwa wakili wa kitu kibovu. Analipa kwa meno yake mwenyewe ili tu asiseme nimekosea.

Halafu wazee wa kwetu wakaja kutoka Koboko, safari yao ya kwanza kuona binti yao anakaa vipi. Walikuwa saba, pamoja na baba mkubwa wangu, mzee mkali ambaye hakuitaka ndoa ile toka mwanzo. Nilisaga siku mbili. Jiwe langu pana likafanya kazi yake, unga ukajaa vikapu. Nikasonga enya, ugali wetu wa ulezi na muhogo, nikaweka na majani ya kunde yaliyoungwa kwa simsim, yaani ufuta. Mama mkwe akawakaribisha, wakanawa, wakamega.

Nilikuwa mlangoni. Nilisikia kabla ya kuona. Kre, huku. Kre, kule. Baba mkubwa akatoa tonge mdomoni, akaliweka mbele yake juu ya mkeka, akaliangalia kama ushahidi.

"Ninyi," akamwambia mama mkwe wangu, "mutoto yetu munalisha muchanga?"

Mama mkwe akaniangalia mimi. Hakuniangalia kwa hasira. Alikuwa anangoja tu. Na mimi, mwanangu, nikaangalia miguu yangu.

"Basi kusanya nguo yako," baba mkubwa akaniambia. "Tunarudi Koboko leo. Hapa hawana chakula ya mutu."

Mume wangu akasimama. Wazee wakaanza kutafuta fimbo zao. Nikaona nyumba yangu inavunjika kwa sababu ya jiwe, na mwanamke ambaye hakunikosea kitu anabeba aibu yangu kimya kimya. Ndipo sauti ikanitoka.

"Jiwe nilichagua mimi. Mama aliniambia nipime kwanza, nikakataa."

Baba mkubwa aligeuka taratibu. "Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Ni wewe unalisha sisi mawe? Mimi nimebaki na meno ine tu, unataka kumaliza?"

Mmoja wao akacheka, kisha wote wakacheka, wakakaa tena. Jirani akaleta enya yake, watu wakashiba. Ndoa yangu ilipona hivyo, kwa meno manne ya mzee. Lakini mama mkwe hakucheka. Wageni walipoondoka alichukua bakuli la kibuyu lenye maji, akatia unga wangu, akakoroga, akangoja, akamwaga maji polepole, akanipa nitazame. Chini palikuwa na mchanga mwekundu, umetulia, unang'aa.

"Hii ungeona siku ya kwanza," alisema. "Mimi nilisema mara moja. Sikusema mara ya pili kwa sababu wewe hapana mutoto. Kukosa jiwe, hiyo mimi nasamehe leo. Lakini ulisikia na meno yako siku ngapi? Na ukanyamaza. Hiyo ndiyo sipendi."

Kesho yake nilikwenda mwenyewe kwenye mwamba, nikasaga ulezi juu ya jiwe jeusi, nikatia unga kwenye maji. Chini hapakuwa na kitu. Jiwe lile nililitumia mpaka vinu vikafika Ajia, kabla ya sisi kuhamia hapa Koboko.

Turudi kwa mashine zako. Wiki iliyopita tulikwenda Arua wote wawili, na ulidhani nimekuja kukusindikiza tu. Macho yangu bado yapo. Yule kijana wa kwanza, mwenye duka karibu na Arua Hill, ana mashine kubwa ambayo mlango mzima unalala juu yake. Aliweka ubao laini, ule mwepesi wa kutengenezea kabati, ikachonga ua. Wewe ukapiga makofi. Mimi nilishika lile daraja linalobeba mota, nikalisukuma kwa kidole. Likacheza kama jino la mtoto wa miaka sita.

"Mama, hapana sukuma!" akaruka. "Hii ni ya kuchonga."

Nikamwambia, "Mvule yetu ngumu itaisukuma kuliko mimi."

"Mvule? Mvule unapunguza mwendo tu, mama."

"Ukipunguza, paneli moja siku ngapi?"

Ghafla simu yake ikawa na kazi nyingi. Wewe ukanivuta mkono: "Dede, unaniaibisha." Ndiyo. Dede yako, bibi yako huyu, amekwisha kuaibika zaidi ya hapo, na hakufa.

Yule mama fundi wa pili, barabara ya Vurra, ana mashine ndogo. Fremu yake chuma kizito, watu wawili wanaihamisha kwa shida, na badala ya mikanda ya mpira ina skrubu ndefu za chuma zinazoivuta. Nilisukuma, ikanikatalia. Wewe ukakunja uso: "Mlango hauingii hapa." Mwanangu, wewe ni fundi na mimi sijui kushika randa, lakini nimeishi na baba yako. Milango yako wewe unaiunga. Fremu unakata kwa mkono, paneli ndiyo unachonga, nayo inaingia pale na nafasi inabaki. Toka lini umechonga mlango mzima wa ubao mmoja? Unataka meza kubwa kwa ajili ya kazi gani, ile uliyonayo au ile ya kwenye picha?

Lakini usifikiri nakuambia ununue ile ndogo kwa sababu jiwe jeusi nalo lilikuwa dogo. Hapana. Siku ile umeme ulikatika, yule mama hakutuonyesha kitu, na mimi sijaiona ikikata. Pengine nayo ina mchanga wake. Kitu ambacho hakijakata mbao yako, hukijui bado.

Kwa hiyo nakuambia wazi, usiseme bibi kizee alizunguka. Jumamosi chukua vipande viwili vya mvule, ile kavu iliyobaki dirishani karakana, na ule mchoro wa paneli ambao watu wanakuagiza kila mara. Si ua la muuzaji. Mchoro wako. Kwa kila mmoja sema, "Chonga hii, nangoja." Akikataa, umekwisha kupata jibu. Ikichonga, pitisha ukucha kwenye ukingo. Kama umejaa mawimbi, mashine ilikuwa inatetemeka, hata kama macho hayakuona. Pima kona kwa rula yako, si yake. Uliza umeme ukikatika katikati ya kazi mashine inakumbuka ilipofika, au paneli ndiyo kuni. Hapa Koboko utauliza swali hilo kila wiki. Uliza mkanda ukikatika au skrubu ikilika, kipya kinapatikana Arua hapo hapo, au unangoja mizigo kutoka mbali huku watu wanakwenda kununua ya chuma. Mwambie afungue, akuonyeshe ndani, na wewe ufunge mwenyewe mbele yake. Usiyoweza kuifunga, utakuwa mtumwa wake.

Na ukifika nayo nyumbani, siku ya kwanza ukasikia haiko sawa, sema siku ile ile. Usiitetee mbele ya mtu kwa sababu ulipigiwa makofi ukiibeba. Niambie mimi, au mwambie muuzaji, lakini sema. Mimi nitakugombeza kidogo, ndivyo nilivyo, halafu tutaanza tena.

Na kama zote mbili zitashindwa mbele ya mvule yako, rudi mikono mitupu. Usiogope. Najua unaogopa maneno ya baba yako mdogo, ndiyo maana unataka kununua chochote mradi kiwe kimefika kabla ya mavuno. Yeye mwache kwangu. Nilimlea, nilimfuta kamasi, na nitamwambia kwamba msichana aliyekataa mashine mbaya amelinda chumba kile kuliko yule ambaye angeleta ya kwanza aliyoiona. Patasi bado zinakata. Wiki tatu za mlango mzuri nitazitetea mbele ya mtu yeyote.

Asubuhi ya Jumamosi, kabla hujapanda gari, pita kwangu. Usipite mbio. Utapiga magoti hapa mlangoni nami nitakutemea mate kichwani na viganjani, kama wazee wetu walivyobariki. Najua mtoto wa simu atajipangusa, lakini utangoja yakauke. Mikono yako ipate kazi isiyokatika. Vidole vyako virudi nyumbani vyote kumi kila jioni. Watu wapite katika milango uliyochonga wewe wakienda kwenye furaha zao. Mungu akupe jicho la kuona, na akupe mdomo wa kusema hapana kabla hajakupa wa kusema ndiyo.