Karatasi ya Jenereta

Mtu akisoma maelekezo niliyoandika, akaitikia kwa kichwa na kusema ameelewa, simwamini. Namtazama mikono.

Kazi yangu ni kuandika karatasi zinazowekwa ndani ya boksi la mashine: washa hivi, zima hivi, usiguse hapa. Sikuisomea. Shule niliachia kidato cha pili, kwetu Kenya, na hapa Kampala nilianza kama muuzaji wa kawaida katika duka la pampu na jenereta. Wateja wetu wengi walikuwa Wakongo na Wakenya, na karatasi za Kiswahili zilizokuja na mashine zilisomeka kama zimeandikwa na mtu asiyewahi kuongea Kiswahili na yeyote. Tajiri wa duka, Mkenya mwenzangu, akaniambia niziandike upya.

Njia yangu ya kujifunza ilikuwa moja. Nampa mtu mashine na karatasi, naweka mikono nyuma, nanyamaza. Akikwama, aliyekosea ni mimi.

Karatasi ya jenereta ndiyo niliyoitaka iwe sawa kuliko zote. Mke wangu alikuwa na saluni Kabalagala. Siku moja umeme ulikatika, mvua inanyesha, akawasha jenereta kwenye korido ya nyuma na kuuacha mlango wa nje wazi. Moshi ule una sumu isiyoonekana wala kunuka, na mlango wazi hautoshi kuitoa. Mteja aliyekuja kusukwa ndiye aliyemkuta.

Hatari hiyo aliijua. Nilimwambia mwenyewe, tukila, na aliitikia. Kwa nini aliiweka ndani, sikupata kujua. Nilimshuku jirani mwenye baa, aliyezoea kulalamikia kelele za jenereta ikiwa nje. Nilimshuku hata marehemu, kwamba siku ile mezani aliniitikia tu ili nimalize kuongea.

Basi nikaandika. Upande wa mbele wa karatasi niliweka mafuta, oili, swichi na kamba ya kuvutia. Upande wa nyuma, chini ya neno TAHADHARI, nikaandika iwekwe nje, mbali na milango na madirisha. Kisha nikamwita askari wa duka letu, Mnubi mmoja mcheshi, ajaribu. Tangi lilikuwa tupu. Jaribio lingeishia pale anaposhika kamba.

Alisoma mistari miwili, akaikumbatia jenereta na kuitoa hadi uani.

"Nimepita, mzee? Nipe soda yangu."

Nilitazama karatasi mkononi mwake. Hakuwa ameigeuza.

"Nani amekwambia uitoe nje?"

"Si hii makaratasi yako?"

"Mahali gani? Nionyeshe."

Aliigeuza, akaigeuza tena. Kicheko kikamwisha. "Sebo, sasa ulitaka nifanye nini? Niwashe ndani, wewe umesimama hapo unaniangalia? Kila mtu hapa anajua mambo ya mama watoto. Mimi pia ni mtu, bambi, nina huruma."

Soda nilimnunulia. Nikamwita mama anayetuletea chai, naye akaitoa nje upesi, bila kunitazama usoni. Dada wa stoo vilevile.

"Watatu wamefaulu," tajiri akasema. "Tupeleke ikachapwe."

"Hawakufaulu. Wamenihurumia."

"Ndugu yangu, onyo si umeliandika? Liko hapo."

Liko hapo. Neno hilo sikulipenda. Nilihisi kwamba anachotaka ni karatasi ya kumkinga yeye, ili siku mtu akifa aseme tulimwambia, onyo liko nyuma. Labda namwonea. Lakini nilimwomba asubiri hadi nipate mtu asiyenijua.

Alikuja mama Mkongo, mfanyabiashara wa vitenge, kununua jenereta ya duka lake. Nikamwomba anisaidie kujaribu karatasi kabla hatujaichapa. Akavua bangili, akasoma mbele, akasoma na nyuma, taratibu, midomo ikicheza. Nikafurahi. Kisha akaisukuma jenereta ndani ya stoo yetu, akaiegesha nyuma ya mlango, akaufungua mlango wote na kushika kamba.

Mikono yangu haikuwa nyuma tena. Ilikuwa imeushika ukuta.

"Mama, pale nyuma umesoma nini?"

"Niweke inje."

"Na umeiweka wapi?"

Akanicheka. "Papa, na wewe! Inje bezi batabeba. Na mvua? Mvua ya Kampala unaijua? Hii si ya kuweka inje. Nimefungua mulango, moshi itatoka."

Alikuwa ameelewa kila neno. Alichokosa kwenye karatasi yangu ni jibu la mwizi na la mvua. Nilikuwa nimemwamuru mtu mwenye akili aache mali yake barabarani inyeshewe, halafu nikategemea atanitii.

Kwamba mke wangu naye aliwaza hivyo siku ile, siwezi kusema. Nimetamani kulisema, na ndiyo maana nalishuku. Ila yule wa baa nimeacha kumchukia.

Niliandika upya. Sasa mstari wa kwanza, upande wa mbele, kabla ya mafuta, unasema: Jenereta ikae nje, moshi wake unaua hata mlango ukiwa wazi. Unaofuata: Ifunge kwa mnyororo na kufuli kwenye nguzo, mbali na mlango na madirisha. Wa tatu: Ijengee paa la bati juu, bila kuta.

"Karatasi ya kuwashia jenereta inaanza na mnyororo?" tajiri akauliza. "Watu watacheka."

"Wacheke wakiwa nje."

Tulimjaribu mgeni mwingine, fundi wa simu kutoka Naguru, ambaye hakunijua. Alisoma, akaitoa uani, akatafuta nguzo kwa macho. Akarudi hadi kaunta.

"Mnyororo mnauza?"

Hatukuwa tunauza. Tajiri alinitazama, nami nikamtazama. Kisha akatoa simu na kumpigia mtu wa vyuma.

Karatasi imechapwa. Jioni nikirudi nyumbani Luzira, nikisikia jenereta inanguruma mahali, bado nasimama mpaka nijue sauti inatoka wapi.