Tanki Juu ya Choo cha Zamani

Wamalwa alikuwa mwashi, na tangu nimfahamu alikuwa mtu wa hasira. Aligombana na mchanga mchafu, na matofali mabichi, na kila mteja aliyetaka kubana saruji. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa amepanga chumba cha mwisho hapa Luzira, kwenye nyumba za Afande Okullo, mwanajeshi mstaafu.

Okullo alimwita ajenge mnara wa tanki la maji, lita elfu kumi, nyuma ya chumba changu. Ndiyo nafasi pekee iliyobaki uani, na sababu tuliijua: palikuwa na choo cha shimo, kikajaa, kikafukiwa. Hakuna anayejenga chumba juu ya choo cha zamani, lakini tanki halina pua.

Wamalwa aliuchomeka mtaimbo ardhini. Upande mmoja uligonga changarawe ngumu. Upande wa pili ulizama mpaka ngumi yake ikagusa majani.

"Afande, hii tanki ikijaa ni tani kumi," alisema. "Mguu mbili kwa udongo ngumu, mguu mbili kwa takataka. Tetemeko ikikuja, hii upande itazama, ile itabaki. Itaangukia Mama Ayaa."

Mama Ayaa ni mimi. Kitanda cha binti yangu kiligusa ukuta huo.

Okullo alicheka. "Tetemeko ni ya Fort Portal, ssebo. Hapa Kampala inatingisha vikombe tu."

"Basi chimba yote mpaka udongo ngumu, ama tafuta fundi ingine."

Alitafuta. Fundi aitwaye Latif alisimamisha nguzo nne za matofali kwa siku sita, maji yakajaa, sisi wapangaji tukapiga vigelegele. Wamalwa akaja mlangoni kwangu. "Toa kitanda ya mtoto hapo." Nikamuuliza nikiweke wapi, juu ya paa? Chumba chenyewe ni kimoja.

Kesho yake alichukua msumeno, akakata bomba la kupandisha maji, kisha akafungua koki ya chini mpaka tanki likakauka.

Nilimtukana, sifichi. Kubeba jerikani tena kutoka kisimani, na mgongo wangu huu! Nilimwita mchawi, nikasema anaionea wivu kazi ya Latif. Okullo akampeleka polisi, akalala rumande siku mbili, bomba likaungwa, tanki likajazwa. Alipotoka alioga, akachukua msumeno, akakata bomba tena na kufungua koki. Maji yalitapakaa uani, nasi tukamzomea.

Siku hiyohiyo, saa tisa alasiri, ardhi ilitikisika. Ayaa alikuwa ametoka shule, amelala. Nilikuwa naanika nguo nilipouona mnara ukichuchumaa upande wa shimo. Matofali yakamwagika, tanki likaupiga ukuta wangu, likabingirika hadi kwenye kamba ya nguo. Ukuta ulipata ufa, ukasimama. Ayaa alitoka na vumbi kichwani, akiuliza nani amegonga.

Lilikuwa tupu. Nilifikiria kama lingekuwa limejaa, nikakimbilia chumba cha mwisho.

Nilimkuta Wamalwa amekaa kizingitini kwake. Nikapiga magoti kumshukuru.

"Inuka!" alifoka. "Usinishukuru! Hiyo shimo nilifukia mimi, mwaka ya kwanza kufika hapa. Okullo aliniambia shindilia. Mimi nikatupa magodoro, migomba, mabati ya kutu, juu nikatandaza changarawe kidogo. Nikaenda Kabalagala kunywa."

"Na ulinyamaza?"

"Ningesema, nani angenipa kazi tena?"

Nilisimama. Miaka yote hiyo tulidhani anawakasirikia wengine. Sasa hasira ilikuwa yangu, na safari hii sikuwa nimekosea. Jembe lake liliegemea ukuta. Nikalichukua, nikamtia mikononi.

"Chimba," nilimwambia. "Mpaka udongo ngumu."